Yule samaki "wa kusafisha" amekuwa mkubwa kuliko akwariamu yako? Soma hapa kwanza

Karibu kila wiki kuna mtu anatupigia na maneno yale yale: "Papa, ule samaki mulituambia anasafisha, mbona maji njo inazidi kuchafuka?" Tunauliza kwanza samaki ana urefu gani, na jibu ni lile tunaloliogopa: toka vidole mpaka kwenye kiwiko.

Ni pleko, kambale wa Amerika ya Kusini mwenye mgongo wa vibao vya mfupa vilivyopangana kama matuile juu ya paa. Tunamuita pleko tu, juu hapa Goma ukipaza sauti "Kambale!" barabarani nusu ya vijana wanageuka, ni jina lao. Anafika butiki akiwa na sentimita 6 au 7, anabandika mdomo kwenye kioo, mtoto anampenda palepale na muuzaji anasema huyu atakusafishia vioo. Hata sisi tulisema hivyo zamani, tusijifanye watakatifu. Kweli analamba mwani, lakini anakula usiku kucha na kile kinachoingia mbele kinatoka nyuma, asubuhi unakuta nyuzi ndefu za kahawia zimelala chini kila kona, na yeye anaendelea kukua tu mpaka sentimita 40 hivi, na akitunzwa vizuri anaweza kuishi zaidi ya miaka 15.

Sasa piga hesabu. Akwariamu za saloni nyingi hapa ni 60 kwa 30 kwa 30, hizo ni lita 54. Samaki wa sentimita 40 ndani ya upana wa 30 atageukia wapi? Mama mmoja wa Himbi alituita tukamkuta wake amejikunja pembeni, ncha za mapezi zimechubuka na kila dakika anapanda juu kuvuta hewa. Kupanda mara moja moja si kitu, pleko anameza hewa na tumbo lake linamsaidia kupumua, lakini akipanda bila kupumzika ujue maji yameharibika. Na yule tulimuuza sisi wenyewe, kwa hiyo tulimrudisha kwetu bila kulipisha kitu.

Hapa Goma kuna shida ya pekee. Maji yetu mengi yanatoka ziwani, na pH (kipimo cha asidi, 7 ni katikati, chini yake ni asidi) ya Kivu juu juu inafika karibu 9. Uchafu wa samaki unatoa amonia, na pH ikiwa juu ile amonia inakuwa sumu kali zaidi, ndiyo maana mtu anafuata mashauri ya wazungu wa YouTube neno kwa neno na samaki anakufa tu. Wengine wanachanganya na maji ya mvua ili kushusha pH, ni wazo zuri, ila acha mvua ya kwanza ioshe bati, na siku moshi wa volkano ya Nyiragongo umelala juu ya mji usikinge kabisa, juu ile mvua inakuwa na asidi.

Kwa pleko mkubwa tunatengeneza akwariamu ya 150 kwa 60 kwa 60. Ni lita 540, yaani kilo 540 za maji peke yake kabla hujahesabu kioo na mawe, kwa hiyo kama nyumba ni ya mbao tunakuja kuangalia sakafu kwanza, usikasirike tukikataa. Kila wiki unabadilisha kama bidoni 8 za lita 20. Kama unanunua maji yanayoletwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, fikiria hiyo feza kabla ya kufikiria samaki.

Mawe ya lava ni ya bure na kwenye filtri ni mazuri sana, vitundu vyake vinahifadhi bakteria wanaokula ile amonia. Ila usiyapange chini kwenye akwariamu yanavyookotwa, yanakata tumbo, na tumboni pleko hana zile tuile. Chini weka mchanga laini na kipande cha mti mkavu wa pera kilichochemshwa, anapenda kukikwangua. Eukaliptusi hapana. Chakula ni kipande cha kurjeti au konkombre (tango) kilichofungwa kwenye kijiko ili kizame, unakiweka taa zikizimwa na unakitoa asubuhi. Sombe (majani ya muhogo) mbichi usimpe, ina sumu.

Umeme ukikatika filtri inasimama na wale bakteria wanaanza kufa baada ya masaa machache, kwa hiyo weka pompi ndogo ya hewa ya betri, na siku hiyo usimlishe.

Akikushinda, usimpeleke ziwani. Sambaza, wale samaki wadogo, nao waliletwa Kivu toka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na leo tunawala na bugali, sawa, lakini pleko waliotupwa Florida, Meksiko na Ufilipino wametoboa kingo za mito kwa mashimo yao na wavu wa mvuvi wanauharibu kwa miiba.

Tupigie tuje kumchukua. Usimtoe na kawavu kadogo, miiba ya mapezi inanasa humo na utaishia kukata wavu na mkasi, tumia beseni. Na ukitungojea, kunja tapi (zulia) ya saloni kabisa, akipiga mkia mara moja tu maji yanafika mpaka kwenye televizyo.