Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kutoka Daftari hadi Kitabu

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha waandishi hapa Mombasa, assalamu aleikum, na wote kwa jumla hamjambo.

Nianze na lililojaza mwaka wetu: mmoja wetu amechapishwa. Riwaya fupi ya vijana, kisa cha msichana wa Kisauni ambaye mama yake hukaanga viazi karai, imetoka kwa mchapishaji wa Nairobi. Wengi wenu mlihudhuria uzinduzi pale Mji wa Kale. Mcheza kwao hutuzwa, na siku ile mwenzetu alituzwa kwelikweli. Mama yake mzazi alikaa safu ya mbele na kitabu amekipakata tangu dua ya kufungulia hadi watu walipoanza kuondoka. Mwandishi ameniomba nisimtaje kwa jina katika taarifa hii, nami nimekubali, lakini ameniruhusu nieleze njia aliyopita. Nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mna hoja ninayotaka mkutano huu uiamue: fedha zetu ziende kwa tamasha au kwa vikao vya kusomeana.

Alianza kuandika akiwa shule ya msingi. Kurasa alizotumia ni zile za nyuma za daftari la hesabu, ambako mwalimu hafiki na kalamu yake nyekundu. Daftari hizo anazo hadi leo, amezifunga kwenye leso kuukuu, na alituletea kikaoni tukazipitisha mkono kwa mkono. Penseli imefifia lakini inasomeka. Kuna vita vya paka wa soko la Kongowea, vyenye majemadari wawili na mkataba wa amani. Kuna barua kwa baba aliyekuwa safarini na jahazi, barua ambayo haikutumwa. Na kuna orodha ya vitabu ambavyo angeviandika akiwa mkubwa, kila kimoja na jina lake, na pembeni amechora jalada. Mtoto yule hakuwa amefundishwa na mtu kwamba kitabu kina jalada na jina la mwandishi mbele. Alikuwa ameviona tu kwenye rafu, akajiweka humo.

Nimeuliza wanachama wengi, na karibu kila mtu ana daftari kama hilo, au alikuwa nalo likapotea nyumba ilipohamwa. Hapa Mombasa mapenzi ya kuandika hayana uhaba. Mtoto hulala kwa tenzi, huamka kwa nyimbo, na leso ya mama ina maneno pindoni ambayo huyasoma kabla hajaanza shule. Tunachokosa ni mtu wa kuzisoma kurasa za mtoto huyo anapokua, azisome kwa makini, kisha amwambie ukweli.

Wengi wetu tumelelewa na insha ya mtihani. Tangu KCPE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, ilipoanza 1985 hadi ilipofanywa mara ya mwisho 2023, mtahiniwa alipewa dakika 40 aandike insha ya Kiswahili, na alama zilikuwa 40. Insha ile naiheshimu. Ndiyo iliyowafanya watoto wa bara na pwani wazijue methali na tanakali, na bila hiyo huenda nusu ya viti hivi vingekuwa vitupu. Lakini ilituachia pia shehena ya mapambo ya kukariri. Mswada wa mwenzetu ulipotufikia kwa mara ya kwanza ulifungua hivi: "Ilikuwa asubuhi ya kupendeza, ndege wakitumbuiza na miale ya jua ikipenya pazia la dirisha langu." Sentensi safi, haina kosa la sarufi, na kila mmoja wetu amewahi kuiandika. Tukamuuliza: mama yuko wapi? Akasema mama anaingia ukurasa wa nne. Tukaufungua ukurasa wa nne, na pale, katikati ya aya, tukakuta sentensi hii: "Mama alivihesabu viazi kabla ya kuvimenya, kwa sababu dukani deni nalo lilihesabiwa kimoja kimoja." Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kitabu kilichochapishwa kinaanza na sentensi hiyo.

Hiyo ndiyo kazi ya vikao vyetu vya Jumamosi baada ya alasiri, na kwa wanachama wapya nieleze vinavyokwenda. Mwandishi hasomi kazi yake mwenyewe. Husomewa na mwenzake, ili asikie pale ulimi wa mtu mwingine unapojikwaa. Watu wanapotoa maoni, mwandishi hunyamaza na kuandika. Hajitetei wala haelezi alichokusudia, maana msomaji wa Voi au wa Kakamega hatakuwa naye sebuleni amweleze. Wote wakishamaliza ndipo hupewa nafasi.

Na si waandishi pekee wanaotufaa. Tunaye mzee wetu, nahodha mstaafu, ambaye huja kusikiliza tu. Katika sura ya sita ya riwaya ile, baba wa msichana anatweka tanga mwezi wa Januari, anaelekea Lamu, upepo unamsukuma kutoka nyuma. Mzee akainua mkono. "Mwanangu, Januari ni kaskazi. Upepo unatoka huko huko anakokwenda. Huyo atafikaje?" Sura nzima ikabidi ihamishiwe Agosti, msimu wa kusi. Na kwa kuwa Agosti shule zimefungwa, msichana akapata nafasi ya kwenda bandarini kumuaga baba yake, jambo ambalo katika mswada wa awali halikuwamo. Kwangu mimi hiyo sasa ndiyo sura bora ya kitabu. Mhariri wa Nairobi, pamoja na ujuzi wake wote, asingeweza kuliona kosa lile.

Nasisitiza haya kwa sababu kuna dhana kwamba mwandishi huzaliwa na kipaji, akajifungia chumbani, akatoka na kitabu. Historia ya mji wetu haisemi hivyo. Mshairi Muyaka bin Haji, aliyeishi hapa Mvita kati ya 1776 na 1840, tungo zake tunazo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah alihangaika kuzikusanya kwa waliozihifadhi kichwani, na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor akashirikiana naye kuziweka katika maandishi. Diwani yenyewe ilitoka 1940, ikiwa imehaririwa na William Hichens, miaka 100 tangu mshairi afariki. Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo alikuwa bingwa wa ushairi asiye na shaka, na hata hivyo diwani yake Malenga wa Mvita ya 1971 ilipitia mikononi mwa Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu na mtafiti wa papa hapa Mombasa, ndiye aliyeihariri.

Huenda mtu akanitajia mshairi Abdilatif Abdalla. Alifungwa 1969 kwa sababu ya kijikaratasi chake cha kisiasa, akatoka 1972, na mashairi aliyatunga humo gerezani kwa siri, kwenye karatasi za chooni. Sauti ya Dhiki ikachapishwa 1973, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Huyo alikuwa peke yake hasa. Lakini Abdilatif ni ndugu yake Ahmad Nassir. Alikulia katika ukoo ambamo mashairi yalitungwa, yakajibiwa na kukosolewa, na sikio lile aliingia nalo gerezani. Ukoo wa namna hiyo hatuwezi kumpa kila mtoto wa Likoni au Changamwe. Kikao cha Jumamosi tunaweza.

Nirudi kwa mwenzetu. Kabla hajatuletea mswada alikuwa ameshaupeleka kwa mchapishaji mmoja, akakaa mwaka mzima bila jibu. Ukimya wa aina hiyo umewafanya watu wangapi waache kuandika? Wachapishaji wengi humu nchini huishi kwa vitabu vya shule vyenye ithibati ya KICD, taasisi ya serikali ya mitaala, na riwaya isiyosomwa darasani huwekwa mwisho wa foleni. Hilo tulijue, tusilichukulie kuwa hukumu juu ya kazi zetu. Aliuandika upya kwa miezi mingi, akaupeleka kwingine, ukakubaliwa.

Mkataba ulipokuja alikuwa tayari kuutia saini siku hiyo hiyo kwa furaha. Mwanachama wetu mmoja anayefanya kazi katika ofisi ya wakili akamwomba alale nao usiku mmoja. Kifungu kimoja kilimpa mchapishaji haki za tafsiri, za sauti na za filamu, zote, bila kikomo cha muda. Mwenzetu aliandika barua ya heshima, akaomba haki hizo zibaki kwake, na mchapishaji alikubali bila ugomvi. Kwa faida ya wote: hakimiliki ya kazi yako huanza pale unapoiandika, na kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ni hiari, ingawa cheti husaidia likitokea shauri. Haki hiyo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, kwa hivyo unapoitoa unawatolea na wajukuu. Mrabaha nao, yaani sehemu ya mauzo anayolipwa mwandishi, uulizwe mapema: asilimia inahesabiwa kwa bei ya dukani, au kwa kile kinachomfikia mchapishaji baada ya muuza vitabu kuchukua chake? Tofauti yake ni kubwa, na swali hilo halimkasirishi mchapishaji mwaminifu.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Tulizuru shule za Majengo na Changamwe, tukawasomea watoto, nao wakatusomea. Tumewaomba walimu watutengee muda ambao mtoto anaandika kitu kisichosahihishwa, na wachache wamekubali. Washairi wetu wameendelea kusikika redioni na kuonekana gazetini, jambo la kujivunia, na nawasihi watunze nakala za tungo zao kwa sababu studio hazitunzi. Miswada miwili ya wanachama iko tayari kupelekwa kwenye Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, ambayo hupokea hata kazi ambazo bado hazijachapishwa. Kamati itawasaidia kuiandaa.

Diwani yetu ya pamoja imekwama. Mpiga chapa tuliyempa arbuni ametupa ahadi baada ya ahadi, na prufu alizoleta, yaani nakala za kukagua kabla ya kuchapa, zilikuwa na mishororo iliyokatwa katikati, kipande cha mwisho kimeangukia mstari wa chini. Shairi likikatwa hivyo vina hupotea machoni, na msomaji mgeni atadhani mshairi ndiye asiyejua kutunga. Kamati ilizikataa prufu hizo, na naamini tulifanya sawa hata kama tumechelewa. Katibu ameandika kudai ama kazi safi ama arbuni yetu. Mashairi yenu yako salama. Nakala asili tunazo.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Langu ni moja tu hapo: ada zikilipwa mwishoni mwa mwaka, karatasi za vikao hulipiwa na watu watatu wanne wale wale kutoka mifukoni mwao. Si haki kwao.

Sasa hoja yenyewe. Kamati imepokea pendekezo kwamba fedha tulizoweka zitumike kwa tamasha kubwa, lenye jukwaa, mabango na wageni wa heshima. Nimelisikiliza, na waliolileta wana nia njema ya kukitangaza chama. Mimi ninalipinga, na naomba liandikwe hivyo katika kumbukumbu. Tamasha ni la siku moja. Kwa fedha hizo hizo tunaweza kuchapa nakala za kila mswada unaoletwa kikaoni mwaka mzima, kuwalipia nauli wanachama vijana wanaotoka mbali, na kufungua kikao cha pili upande wa Likoni, ili wenzetu wa huko wasiwe wakiondoka katikati ya usomaji kuwahi feri. Vilevile tunaweza kuanzisha kikao cha watoto. Nimeshazungumza na walimu wawili walio tayari kukisimamia siku za likizo. Mtoto alete daftari lake, hata kama ni kurasa za nyuma za hesabu, akute mtu mzima ameketi kulisoma.

Nawaomba mpige kura leo, msiiachie kamati.

Uamuzi wowote utakaotoka, usomaji wetu hausimami. Kikao cha kwanza ni Jumamosi ijayo baada ya alasiri, mahali petu pa kawaida. Atakayesomewa ni mwenzetu wa Likoni, sura mbili za mwanzo za riwaya inayohusu ndugu wawili wanaogombea nyumba ya urithi. Nakala zimo mezani kwa katibu. Chukueni kabla hamjaondoka, mje mmezisoma, na kalamu mkononi.

Wenu katika kazi ya kalamu,
Mwenyekiti