Barua ya wazi kwa Waziri: saini za kidijitali zianze kuhamishwa sasa

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano na teknolojia ya habari,

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inazitambua saini za kielektroniki. Saini za kidijitali, yaani zile zinazotengenezwa kwa ufunguo wa siri na kuhakikiwa kwa ufunguo wa wazi, zimo hadi ndani ya chipu za pasipoti tulizoanza kuzitoa Januari 2018. Nyingi za saini hizi duniani zinasimama juu ya hesabu za RSA na ECDSA, mbinu mbili za kusaini, ambazo mwanahisabati Peter Shor alionyesha mwaka 1994 kwamba kompyuta ya kwanta (inayokokotoa kwa tabia za chembe ndogo mno) yenye nguvu ya kutosha itazivunja.

Wapo wanaosema mashine hiyo ikija ndipo tutabadilisha. Kwa saini, tutakuwa tumechelewa. Atakayeupata ufunguo wa siri mwaka 2036 ataweza kughushi mkataba na kuuandika tarehe ya leo, na kwa kuitazama saini peke yake hakuna hakimu atakayeutofautisha na ulio halali.

Dawa ipo, tena ya siku nyingi. Mwaka 1979 mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alieleza saini inayotegemea heshi tu, yaani hesabu inayosaga data yoyote na kutoa alama fupi isiyorudishika nyuma. Unatengeneza namba za siri 512, jozi moja kwa kila biti kati ya biti 256 za heshi ya waraka, kisha unatangaza heshi za namba zote. Ukisaini, unafichua namba moja katika kila jozi, kutegemea biti hiyo ni 0 au 1. Hakuna hapo hesabu ambayo mbinu ya Shor inaweza kuishika. Ufunguo huo ni wa mara moja tu, ndipo mwenzake Ralph Merkle akaunganisha funguo nyingi katika mti mmoja, na humo ikatoka mifumo ya kusaini ya XMSS na LMS, inayotumia kihesabio kukumbuka ufunguo upi umekwisha tumika. Agosti 2024, NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ikatoa kiwango cha FIPS 205, chenye saini ya SLH-DSA, nayo ya heshi tu.

Gharama ipo, Mheshimiwa. Saini ndogo kabisa ya SLH-DSA ni baiti 7,856. Ya RSA ya biti 2048 ni baiti 256. Kwa hiyo siombi kila muamala wa simu uhamishwe. Naomba tuanze na funguo mama: zile zinazosaini vyeti vya funguo nyingine, na zile zinazoidhinisha masasisho ya programu za vifaa vinavyokaa miaka mingi, kama mita za umeme. Hizo husaini mara chache, na ukubwa wa saini hausumbui.

Ila wataalamu wako wawe macho na XMSS na LMS. Fundi akirejesha mtambo kwa nakala rudufu ya jana, kihesabio kinarudi nyuma, ufunguo uliokwisha tumika unatumika tena, na mlango wa kughushi umefunguka. Mtambo usioweza kuzuia hilo upewe SLH-DSA, isiyo na kihesabio.

Ombi langu ni kwamba sharti la funguo mama kutumia saini za heshi liandikwe kwenye zabuni ijayo ya mitambo ya kusaini vyeti vya Serikali, na kila taasisi itakiwe kuorodhesha funguo zake mama, mahali zilipo na mwaka zinapokoma kutumika.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mhandisi wa mifumo, Dar es Salaam