Mjomba, gauti haikuulizi kama umewahi kuonja pombe

Assalaam aleikum mjomba,

Nakuandikia hadharani kwa sababu kwenye simu kila nikiugusia mguu wako unaniuliza habari za watoto. Isitoshe, hapo Majengo na Eastleigh, Nairobi, wako wajomba wengine wanaochechemea kimyakimya, nao watapata cha kusoma. Jina lako silitaji. Ukitaka kujitambulisha, shauri yako.

Nimesikia daktari alipokwambia ni gauti, ugonjwa wa viungo kufura na kuuma, ulivaa kiatu ukatoka. Mkaza mjomba anasema kilichokuudhi si ugonjwa, ni aibu yake: ati gauti ni ya walevi na ya wenye pesa wanaoshinda soko la Burma wakila nyama choma, na wewe tone la pombe halijapita kooni, na utajiri unausikia kwa watu. Mjomba, mimi nami sinywi, na ninayo. Mama, dada yako wa tumbo moja, hata harufu ya mnazi haijui, na kidole chake kilianza kufura baada ya hedhi kukatika, umri ambao ndio huwapata wanawake wengi. Hili liko kwenye ukoo wetu, tusimsingizie mtu chupa.

Mwili ukivunjavunja chembe zake na chakula tunachokula, hubaki asidi ya yuriki. Kama theluthi mbili yake hutolewa na figo kupitia mkojo. Sasa kuna watu ambao figo zao haziitoi ya kutosha, na kwa wagonjwa wengi hapo ndipo penye kiini, kuliko hata kwenye sahani. Ikizidi kwenye damu hugeuka fuwele nyembamba zenye ncha, zikajikusanya ndani ya kiungo. Zinaweza kukaa humo miaka bila kelele, mpaka usiku mmoja kinga ya mwili izishtukie, na hapo hata shuka likigusa kidole unapiga yowe. Shina la dole gumba la mguu ndilo hushikwa sana, maana miguuni kuna ubaridi kuliko kifuani, na penye ubaridi fuwele huganda upesi. Kwa hiyo unaposema "ni baridi ya Julai tu", hujakosea kabisa. Jiji letu liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na sakafu ya saruji alfajiri ya Julai sote tunaijua. Ila baridi haitengenezi asidi. Inaikuta tayari.

Kisha kuna kidonge chako cha presha. Mkaza mjomba amenitumia picha ya pakiti: haidroklorothiazaidi. Dawa nzuri na ya bei nafuu, lakini hupandisha asidi hiyohiyo. Usiiache mwenyewe, nakusihi, presha haina mzaha. Mpelekee daktari hiyo pakiti, umuulize kama iko nyingine ya kukufaa. Losatani, kwa mfano, huishusha asidi kidogo.

Sindano ndizo zinazonikosesha usingizi. Kidole kikiwaka unajikokota mpaka duka la dawa karibu na steji, kijana anakudunga dikilofenaki ya kutuliza maumivu bila hata kuuliza presha yako, kesho kutwa unatembea, unasema umepona. Mjomba, maumivu ya gauti hupoa yenyewe ndani ya wiki moja au mbili, udungwe usidungwe. Dawa za aina hiyo zina mahali pake, daktari akiwa ameangalia tumbo, figo na moyo. Lakini kwa mtu wa presha, kila mara, kwa mkono wa mtu asiyekujua? Zinapandisha presha na kuzichosha figo, na ni figo hizohizo tunazozitegemea zitoe asidi.

Lakini najua kinachokuuma zaidi. Nilikuwa safu ya nyuma yako siku ya Ijumaa. Kwenye tahiyatu umesimamisha mguu wa kulia, vidole umevikunja kuelekea kibla, uzito wote umeubana kwenye shina la dole gumba, na kipaji cha uso kinakutoka jasho na nje kuna baridi. Mwenye gauti hana mkao mchungu kuliko huo. Viti vipo pale kando, na ruhusa ya mgonjwa unaijua kuliko mimi, wewe uliyenifundisha kusali. Wanaokutazama hawana kidole chako.

Dawa yenyewe ya kushusha asidi ni alopurinoli. Humezwa kila siku, kidole kinauma au hakiumi, na hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu mtu hapendi kumeza dawa akiwa mzima. Huanza kidogo, miligramu 100 au chini ya hapo, ikipandishwa polepole mpaka kipimo cha asidi kwenye damu kishuke chini ya mikromoli 360 kwa lita. (Maabara nyingine huandika 6, yaani miligramu kwa desilita. Ni kitu kimoja kwa vipimo viwili, usije ukapandwa na presha bure.) Miezi ya kwanza kidole kinaweza kuwaka zaidi, kwa kuwa fuwele za zamani zinayeyuka. Wengi huitupa hapo wakisema imewadhuru. Daktari huongeza kolchisini kidogo, dawa ya kuzuia kidole kisiwake, kwa miezi hiyo, na kabla hujaanza na "dawa za Wazungu", mmea inakotoka matabibu wa Kiarabu waliutumia kwa viungo karne nyingi zilizopita. Kitu kimoja tu cha kukukimbiza: ukitokwa na vipele mwilini baada ya kuanza alopurinoli, acha, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ramadhani isikutie wasiwasi, kwa kawaida humezwa mara moja kwa siku baada ya chakula, kwa hiyo futari inatosha, na maji uyanywe kwa wingi mpaka daku.

Chakula nisikuchoshe. Punguza maini, figo, bongo na omena, na soda nyekundu unayoipenda iache kabisa, sukari yake hupandisha asidi. Maharagwe na mchicha havina hatia, yeyote anayekukataza amesikia mahali. Maziwa kunywa.

Na mkaza mjomba asikukande kwa mafuta ya karafuu siku kidole kimewaka. Afunge barafu kwenye kitambaa, dakika 20, mguu juu ya mto. Ukipata homa na kiungo kimewaka, hilo si la kungoja, huenda ni usaha ndani, na hospitali hawatakisia: watavuta maji ya kiungo wayatazame kwa hadubini. Hapo hapo ndipo fuwele nazo huonekana waziwazi, maana kipimo cha damu siku ya maumivu makali kinaweza kusoma sawa na kumbe si sawa.

Vile viatu vyako vya ngozi vyenye ncha mpe mtu. Unahitaji kilicho kipana mbele na soli ngumu isiyojikunja, kidole kisipindwe kila hatua. Jumamosi asubuhi napita Gikomba, soko la mitumba, kabla marobota mapya hayajachaguliwa yakaisha. Nitumie nambari ya mguu uliovimba, si ya ule mzima.

Mpwa wako