Barua ya wazi kwa bodi za shule za upili za kutwa: mgao unapokatwa mwaka ukiwa katikati

Kwenu wanabodi, walimu wakuu na viongozi wa vyama vya wazazi katika shule za kutwa za Kenya,

Salamu kwenu nyote. Nawaandikia nikiwa mzee asiyetafuta kiti katika bodi yoyote wala kura ya mzazi yeyote, kwa hiyo mtanisamehe nikiyasema mambo bila kuzungukazunguka.

Mgao wa serikali, yaani pesa inazoipa shule kwa kila mwanafunzi, ukipunguzwa, kinachoiumiza shule zaidi ni wakati. Ukipunguzwa kabla ya Januari, bodi hukaa ikajipanga. Ukipunguzwa Machi au Juni, mahindi yameshaliwa, mwalimu aliyeajiriwa na bodi ameshafundisha nusu ya silabasi, na fundi ameshaezeka upande mmoja wa paa. Hapo hakuna cha kupanga. Kuna watu wa kulipwa tu.

Sababu iko kwenye kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, mwaka wa shule huanza Januari. Basi muhula wenu wa kwanza, ambao ndio unaobeba pesa nyingi, huangukia nusu ya pili ya mwaka wa Hazina ya Kitaifa, wakati makusanyo ya kodi yameshajulikana yamepungua kiasi gani na bajeti ya ziada iko njiani kwenda bungeni. Kifungu cha 223 cha Katiba kinaruhusu serikali kutumia pesa ambazo hazikuidhinishwa, kisha iombe idhini ya Bunge ndani ya miezi miwili. Bajeti hiyo hiyo ya ziada inayompa mmoja humnyang'anya mwingine. Mwaka 2024 mlijionea: Mswada wa Fedha uliondolewa mwishoni mwa Juni, na baada ya wiki chache makadirio ya kupunguza matumizi yalikuwa mbele ya wabunge. Mtu wa kusoma makadirio hayo hapaswi kukosekana katika bodi. Fungu la Idara ya Elimu ya Msingi ni nambari 1066. Tafuteni mstari wa elimu ya bure ya sekondari za kutwa, mlinganishe safu ya zamani na safu mpya. Ni kazi ya nusu saa, na hujibu swali ambalo wengi hulikisia: je, pesa zimechelewa au zimekatwa? Zilizochelewa unaweza kumwomba muuza unga akuvumilie. Zilizokatwa haziji, na hakuna muuzaji wa kukuvumilia.

Sasa hesabu. Kiwango rasmi ni shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, zikigawanywa asilimia 50, 30 na 20 kwa mihula mitatu. Julai 2025 Waziri wa Hazina, John Mbadi, aliiambia kamati ya elimu ya Bunge la Taifa kwamba kinachowezekana ni kama shilingi 16,900. Chukueni shule ya wanafunzi 400. Kwa kiwango rasmi ni shilingi 8,897,600. Kwa kiwango cha waziri ni 6,760,000. Pengo ni 2,137,600. Angalieni na hili: asilimia 50 na 30 za kiwango rasmi zikijumlishwa ni shilingi 17,795 kwa mwanafunzi. Yaani bodi inayotumia kana kwamba mgao utakuja wote huwa imeshamaliza pesa za mwaka mzima kabla ya likizo ya Agosti, na muhula wa tatu unaanza kwa deni.

Hata mwaka ukiwa mzuri, 22,244 zote hazifiki kwenye akaunti ya shule. Tangu 2018 vitabu vya kiada hununuliwa na serikali na kuletwa shuleni moja kwa moja, na kuna makato mengine yanayobaki wizarani. Mwalimu mkuu anayezidisha 22,244 kwa idadi ya watoto na kuita jibu hilo bajeti ameanza vibaya tangu mstari wa kwanza. Njia ya kweli ni kuchukua kila kiasi kilichoingia benki kwa miaka miwili iliyopita, mkigawe kwa idadi ya wanafunzi, mpate shule yenu hupokea shilingi ngapi hasa kwa kichwa na huzipokea wiki ya ngapi ya muhula. Hiyo ndiyo namba ya kupangia.

Mnapozigawa pesa hizo, gawanyeni kwa idadi iliyo kwenye NEMIS, mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi (na huu wa KEMIS unaochukua nafasi yake), kisha mlinganishe na rejista ya darasani. Shule yenye watoto 400 darasani na 371 kwenye mfumo inapoteza migao 29, ambayo kwa kiwango rasmi ni shilingi 645,076. Mara nyingi sababu ni ndogo: cheti cha kuzaliwa hakijaletwa, nambari imekosewa tarakimu moja, au shule ya zamani haijamwachilia mtoto kwenye mfumo baada ya uhamisho. Hakuna bajeti ya ziada inayohusika hapo. Mpeni mtu mmoja kazi hiyo katika wiki tatu za kwanza za muhula, na alete orodha ya majina kwenye bodi.

Mishahara ndiyo inayoumiza vichwa, na hapo nitakaa kidogo. Mpishi, bawabu, msaidizi wa maabara, karani na walimu wa bodi hulipwa miezi 12, lakini pesa huja kwa mihula. Asilimia 20 ya muhula wa tatu ndiyo inayopaswa kuwabeba watu hao kuanzia Septemba hadi pesa za Januari zifike, na hizo mara nyingi hazifiki Januari. Ni miezi mitano juu ya fungu dogo kuliko yote. Kwa hiyo pesa za muhula wa kwanza zikiingia, kabla ya kulipa mtu mwingine yeyote, tengeni mishahara ya Novemba, Desemba na Januari. Andikeni azimio kwenye kumbukumbu za kikao kwamba haziguswi bila kura ya bodi. Mwalimu mkuu atalalamika kwamba pesa zimelala benki huku paa linavuja. Mwacheni alalamike.

Kosa linalofuata ni kuazima makato ya mishahara. Pesa zikipungua, karani humlipa mfanyakazi mshahara wa mkononi na kuacha kupeleka kodi ya mshahara (PAYE), mchango wa bima ya afya (SHIF) wa asilimia 2.75, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 kutoka kwa mfanyakazi na 1.5 nyingine kutoka kwa shule, pamoja na akiba ya uzeeni ya NSSF. Linaonekana jambo la mwezi mmoja tu. Lakini kuchelewa kulipa PAYE kuna faini ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi, na kuchelewa kuwasilisha ripoti yake ni asilimia 25 ya kodi au shilingi 10,000, ipi iliyo kubwa. Zaidi ya faini, mpishi akilazwa hospitali atakuta michango yake haikupelekwa, na hapo bodi haina la kumwambia. Kama mshahara wote hauwezekani, ni afadhali kukubaliana na wafanyakazi kwa maandishi kupunguza siku za kazi kuliko kuwalipa nusu iliyofichwa.

Kwa wauzaji, sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inasema ununuzi usianze kabla ya kuhakikisha pesa zimetengwa. Shule nyingi huagiza kwa kutegemea mgao, kisha humlipa muuzaji baada ya miezi minane. Muuzaji si mjinga: safari ijayo huweka gharama ya kungoja ndani ya bei, na nyinyi mnaishia kununua karatasi kwa bei ambayo mzazi akiiona dukani atadhani mmeiba. Andikeni mikataba ya kuleta mali kwa awamu, kila awamu na hati yake ya kuagiza, na hati ya pili isitolewe kabla ya ya kwanza kulipwa.

Maabara haisubiri muhula wa tatu. Mitihani ya vitendo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, hufanyika wakati pesa ni chache kuliko wakati wote, na dawa kama nitrati ya fedha ni ghali. Nunueni mahitaji ya kidato cha nne kutoka mgao wa muhula wa kwanza, myafungie kwa rejista, mkiangalia tarehe za kuharibika kwenye chupa. Madarasa ya chini yafanye majaribio kwa vikundi vya watoto wanne badala ya wawili. Tangu gredi ya 10 ya mtaala mpya iingie sekondari mwaka 2026, maabara ile ile ina wateja wa mitaala miwili, kwa hiyo msiikate kwa kiwango cha zamani.

Chakula cha mchana hulipwa na wazazi, lakini mgao ukikatwa akaunti hiyo ndiyo ya kwanza kuchunguliwa. Msiiguse. Kwa gramu 150 za mahindi na 40 za maharagwe kwa mtoto, watoto 400 hula kilo 60 za mahindi na kilo 16 za maharagwe kwa siku. Kwa siku 65 za masomo ni kama magunia 43 ya mahindi ya kilo 90. Kwa vijana wa sekondari hicho ni kipimo cha chini. Mahindi huwa rahisi baada ya mavuno ya Bonde la Ufa, kati ya Oktoba na Desemba. Anayeweza kununua wakati huo anunue, ila ayapime unyevu: yakizidi asilimia 13.5 yataota kuvu la sumu ghalani.

Vyoo na maji msivikate. Paa linalovuja chumba kimoja linaweza kungoja, rangi inaweza kungoja, basi la shule linaweza kungoja miaka kumi.

Kisha kuna jaribu la kumgeukia mzazi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inakataza karo ya masomo katika shule ya umma. Tozo nyingine zinahitaji idhini ya Waziri wa Elimu, mtoto asinyimwe masomo kwa kukosa kuzilipa, na pesa zisipokelewe bila risiti rasmi. "Pesa za motisha" zinazokusanywa na mwakilishi wa darasa kwa simu yake ni kinyume cha sheria, hata kama kila mzazi amekubali mkutanoni. Mkihitaji mchango, pelekeni ombi lenye hesabu kwa bodi ya elimu ya kaunti, na mngoje jibu la maandishi. Nakala ya hesabu za pengo apewe pia mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, kila muhula, hata asipojibu. Mwalimu mkuu asiachiwe kukopa kwa jina lake mwenyewe. Wapo wanaofanya hivyo kwa nia njema, na mkaguzi haoni nia kwenye vitabu.

Kikao cha kwanza cha muhula kianze na karatasi moja yenye safu nne: kilichoahidiwa, kilichoingia na tarehe yake, kilicholipwa, na kile ambacho watu wameshaahidiwa lakini hakijalipwa. Safu ya nne ndiyo hufichwa. Karani akiileta karatasi bila safu hiyo, ahirisheni kikao mpaka ailete.

Wenu,
Mzee wenu