Mama Njeri, uchovu wako si uvivu

Kisumu, Jumapili jioni

Mpendwa Mama Njeri,

Salamu nyingi kutoka kwa Baba Achieng' na watoto. Sisi hatujambo, ila joto la huku unalijua. Barua yako ilifika Alhamisi nikaisoma mara mbili, nikaona nisikujibu kwa pupa.

Umesema tangu upasuaji wa goita, ulipotolewa tezi nzima ya thairoidi, unameza tembe kila siku, kipimo cha TSH, ile homoni inayoiamuru tezi ya thairoidi kufanya kazi, kimerudi sawa mara tatu, na bado ikifika saa nane mchana unaegemea ukuta wa darasa. Daktari anakuambia majibu ni mazuri. Nyumbani wameanza kunong'ona kwamba umekuwa mvivu. Hilo ndilo lililonichoma, dada. Mtu aliyekuwa akiamka saa kumi alfajiri kukama ng'ombe kabla ya kwenda shule, uvivu utampatia wapi ghafla?

Basi nimekuwa nikisoma kila nikimaliza kusahihisha madaftari, na nimekutana na kazi ya mtandao wa watafiti Ujerumani uitwao LOCOTACT. Ulianza 2020, na watu wake wako Essen, Lübeck na Berlin. Kabla yao kulikuwa na mpango mwingine, THYROID TRANS ACT, ulioanza 2012. Kilichonivuta ni swali lao. Zamani wengi walitosheka kupima homoni kwenye damu. Hawa wanauliza: ikishafika kwenye damu, ini linaitumiaje, moyo unaitumiaje, ubongo je? Na wamewaketisha pamoja madaktari wanaotibu wagonjwa na wanabiolojia wanaofanya kazi na panya, ili swali la mgonjwa lifike maabara.

Nikueleze kama ninavyowaeleza Kidato cha Tatu. Tembe zako ni thairoksini, yaani T4, kwa sababu ina atomi nne za iodini. Hiyo ni unga. Mwili haushibi unga, unataka ugali, na ugali ni T3, ambayo imepunguziwa atomi moja ya iodini. Damu ni soko. Kila kiungo kina mlango wake wa kuingizia unga na jiko lake la kupikia, yaani vimeng'enya vinavyoondoa ile atomi. Halafu kuna vipokezi ndani ya seli, ndio walaji wenyewe. Moyo una zaidi ya aina ya alfa, ini lina zaidi ya aina ya beta.

Sasa TSH hutoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo. Kuipima ni kama kuuliza nyumba moja tu mtaani kama wameshiba. Wakisema ndiyo, tunaandika kwamba mtaa mzima umekula. Maabara ya Gabriella Morreale de Escobar mjini Madrid ilionyesha mwaka 1995 kwamba panya waliotolewa tezi wakapewa T4 peke yake, hapakuwa na dozi moja iliyorudisha T3 sawasawa katika viungo vyote kwa pamoja. Ni panya, najua, mtu si panya. Lakini niliposoma hapo nilikukumbuka nikaweka kalamu chini.

Habari ya milango ndiyo iliyonikalia moyoni zaidi. Kuna watoto, karibu wote wavulana, wanaozaliwa na hitilafu kwenye mlango uitwao MCT8. Damu yao imejaa T3, ilhali ubongo una njaa. Wengi hawawezi kukaa wala kusema. Ugonjwa wenyewe ulielezwa 1944, lakini chanzo kilijulikana 2004, miaka sitini baadaye! Watafiti walipoondoa mlango huo kwa panya, panya walitembea vizuri tu, na watu wakashangaa. Kundi la Heike Heuer, ambaye sasa yuko Essen, lilionyesha 2014 kwamba panya wana mlango wa pili, OATP1C1. Ilipoondolewa yote miwili, shida za watoto wale zikaonekana. Hapo ndipo palipatikana panya wa kujaribia dawa. Kwa upande wa wagonjwa, Waholanzi wa Rotterdam walichapisha 2019 jaribio la Triac, dawa inayofanana na T3 lakini isiyohitaji mlango ule. Ilishusha T3 iliyozidi kwenye damu, na moyo uliokuwa ukienda mbio ukatulia. Ulaya iliidhinisha mwaka 2025. Ubongo ulioumia tangu tumboni haujapata jibu bado, na hilo linaniuma.

Tafadhali usichukue barua hii ukaenda kutafuta T3 kwa duka la dawa. Majaribio mengi ya kuchanganya T4 na T3 kwa watu hayakuonyesha kwamba wote wananufaika, na ikizidi inauchosha moyo. Lakini kuna jambo moja la kuanzia. Umeniandikia kwamba unameza tembe na chai yako ya maziwa, kisha unafuatisha zile za kuongeza damu. Mama Njeri, madini ya chuma na kalsiamu huishika ile dawa isipite! Meza kwa maji matupu, ngoja nusu saa hadi saa nzima ndipo unywe chai, na zile za damu zimeze baadaye, angalau muda wa saa nne baada ya tembe ya thairoksini. Hakikisha daktari anajua kwamba umebadilisha, kisha upimwe tena baada ya wiki sita hivi, maana thairoksini hukaa mwilini muda mrefu. Siku hiyo hiyo omba upimwe pia kama damu yako imepungua. Ukibaki umechoka baada ya hapo, mwambie vilevile ulivyoniambia mimi, na yale ya ukuta wa darasa, usipunguze neno.

Shule zikifungwa nitapanda matatu nije Nakuru. Nitalala kwako siku mbili, nikame ng'ombe mimi wewe ulale. Na hao wanaonong'ona nitazungumza nao mwenyewe, kwa heshima.

Msalimie Njeri na bibi yake.

Rafiki yako,
Mama Achieng'