Tina isikae sebuleni

Mama Kulwa, shoga yangu,

Huku wazima, mvua tu ndiyo inatukera. Nilikuwa nikuandikie tangu mwezi uliopita, ukaniwahi. Sasa naandika mbiombio kwa sababu ya neno moja katika barua yako: eti meza ya rangi, pamoja na tina ya kuyeyushia rangi, umeiingiza sebuleni ili uwaone mapacha wakitambaa!

Itoe leo. Rangi ya mafuta haiishi kutoa mvuke ukishaweka brashi chini. Inatoa mpaka ikauke, na masika hii kipande cha kukauka kwa siku moja kitataka mbili. Paka rangi uani, pigilia misumari ukutani juu ya kimo cha mtu, vikaukie hukohuko. Kuku wa jirani utapambana nao mwenyewe. Kuhamia rangi za maji sikushauri, najua mng'ao hautakuridhisha. Mzee Tingatinga, mwanzilishi wa michoro yetu hii, alianza mwaka 1968 na rangi za kupaka baiskeli juu ya hadibodi, na wateja bado wanautaka mng'ao uleule.

Unalalamika kwamba ukianza tu, Doto anaamka. Tazama unaanza na nini. Ile njano ya nyuma inayoyeyukia kwenye nyekundu haiachwi katikati: dakika kumi rangi imeshashika, ukirudi brashi inaacha mistari. Hiyo ngoja Jumapili, shemeji awepo. Hadibodi ya futi 4 kwa 8 inatoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2. Vipake vyote kwa mkupuo, rangi nyembamba. Ukipaka nzito, juu hukauka kabla ya chini, ikajikunja kama utando wa maziwa. Siku nyingine fanya kazi zinazoachika: mchoro wa chaki mchana wamelala, kujaza rangi moja usiku, halafu madoa. Madoa ya chui, hata ukiitwa kwenye la tatu, la nne linakungoja.

Narudi kwenye tina, maana hainitoki kichwani. Usiitie kwenye chupa ya maji wala ya soda, hata kwa nusu saa. Mtoto akiinywa, Mungu apishe mbali, usimtapishe: ikirudi juu huingia mapafuni. Hospitali moja kwa moja, na chupa mkononi. Vile vibao vya zamani pia usivisugue msasa vikiwa vikavu; njano na nyekundu za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi litaishia wanakotambaa. Lowesha kwanza. Mikono osha kwa mafuta ya kula, kisha sabuni hadi viwikoni, badili kanga, ndipo unyonyeshe.

Haya, yule wa fremu amekulipa? Wale twiga wana miguu sasa, au bado? Shemeji ameikubali Jumapili, au nimpigie? Kulwa bado anakula chaki? Na uani kwenu kivuli kinafika saa ngapi?

Wako,
Mama Chausiku