Mwanafalaki si mnajimu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie jina tunalowapa wataalamu wanaochunguza nyota, jina ambalo gazeti lako, pamoja na vituo kadhaa vya redio hapa Nairobi, hulibadilisha kiholela kila habari za sayari zinapozuka. Si ajabu kuwakuta watu haohao wakiitwa wanajimu kwenye kichwa cha habari, wanaanga katika aya ya pili, na kufikia mwisho wamekuwa wataalamu wa nyota.

Mwanaanga ni yule anayesafiri kwa roketi hadi nje ya angahewa, na hilo halihitaji maneno mengi. Penye utata ni hapo kwa mnajimu. Neno hilo, ambalo asili yake ni Kiarabu, hapo kale lilimhusu anayepima mwendo wa nyota na vilevile anayezitazamia bahati za watu, kwa sababu mara nyingi alikuwa mtu mmoja. Hata Johannes Kepler, aliyegundua kwamba sayari hulizunguka jua kwa njia ya duaradufu, aliwatazamia wakubwa wa zama zake nyota zao. Lakini lugha haikusimama hapo. Tangu enzi za marehemu Sheikh Yahya Hussein, mtabiri wa nyota wa Dar es Salaam, ambaye sifa zake zilivuka mpaka hadi huku kwetu, ukimtaja mnajimu mbele ya Wakenya au Watanzania watafikiria safu ya nyota, kuanzia Kondoo hadi Samaki, inayokueleza iwapo wiki hii utapata pesa au mchumba.

Tofauti ya kazi hizi mbili si ya heshima tu. Mhimili wa dunia huyumba polepole sana, na hukamilisha duru moja kwa miaka ipatayo 26,000, kwa hivyo tarehe walizoziweka watu wa kale hazilingani tena na makundi ya nyota yanayoonekana angani. Aliyezaliwa tarehe 25 Machi huambiwa kuwa nyota yake ni Kondoo, ilhali siku hiyo jua huwa limesimama mbele ya nyota za Samaki. Anayepima nyota hulijua hilo kwa vipimo vyake, anayetazamia bahati halimshughulishi.

Wapo watakaosema tuandike “mtaalamu wa nyota” tupumzike. Hao nawaomba wasome matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za stima mitaani: mtaalamu wa nyota, arudisha mpenzi, asafisha nyota, ashinda kesi, piga simu. Kwa Mswahili nyota ni bahati kabla haijawa gimba la gesi linalowaka, na huwezi kumlaumu msomaji akielewa hivyo.

Neno ninalolipendekeza ni mwanafalaki. Najua pingamizi lake: kamusi zetu zina msemo wa kupiga falaki, wenye maana ya kuagua kwa nyota. Hata hivyo, msemo huo siku hizi hausikiki sana, ilhali falaki yenyewe ingali hai misikitini na madrasani, ambako ndiyo elimu ya kukokotoa nyakati za swala, mwelekeo wa kibla na kuandama kwa mwezi. Hiyo ni hesabu, wala si ramli. Anayependa mwanaastronomia simkatazi, ingawa sioni sababu ya kukopa jina jipya wakati la zamani halijachakaa.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la wageni. Tarehe 12 Disemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru, ikapewa jina Uhuru. Kwa vipimo vyake wanafalaki waliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo. Neno la Kiswahili limo katika vitabu vya taaluma hiyo kwa zaidi ya nusu karne, nasi bado hatujaafikiana tuwaiteje wenye taaluma.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kabisa huko Luxor, Misri, kwa zaidi ya dakika 6, na hapa Kenya litazibwa sehemu tu. Bila shaka utaichapisha habari hiyo. Nakusihi, siku hiyo wahariri wako wasituandikie kwamba “wanajimu wametabiri”. Waandike kuwa wanafalaki wamekokotoa, maana saa na dakika za tukio hilo zinajulikana kwa hesabu miaka mingi kabla.

Ni mimi msomaji wako,
Mwalimu wa Kiswahili, Nairobi